Ameambiwa haaminiki. Je, nimtafutie barua ya mwenyekiti?

Swali: Shikamoo mama wakili. Mdogo wangu wa kike yuko Melbourne tangu 2019, alikwenda kusoma. Akaolewa hukohuko, wakapata binti ambaye sasa ana miaka mitatu. Aliomba viza ya hifadhi kwa ajili yake na mtoto, kwa sababu mama yetu mzazi na shangazi zetu wanasisitiza kwamba mtoto akirudi lazima apitishwe kwenye mila. Hawatanii. Mtoto wa kaka yetu alikeketwa kijijini, mama yake akiwa shambani. Ombi limekataliwa. Ofisa ameandika kwamba hamwamini: kwenye fomu alisema mtoto wa kaka alikeketwa 2017, kwenye mahojiano akasema 2018, alikaa miaka bila kuomba, na habari ya kwamba yeye mwenyewe alikeketwa aliitaja mwishoni kabisa. Sasa ananiomba nimtafutie barua ya mwenyekiti wa kijiji yenye mhuri, iseme ilikuwa Mei 2018. Mimi mwaka wenyewe siukumbuki vizuri. Niitafute? Na hawa watu wanajuaje kama mtu anasema kweli? (Msomaji, Dodoma mjini)

Marahaba, mwanangu. Pole, na umfikishie pole mdogo wako. Naanza na barua kwa sababu naona uko tayari kupanda basi la kijijini kesho asubuhi. Usiende.

Mwenyekiti hakuwepo. Alichonacho ni alichosikia, na mwaka atakaouandika ni ule utakaomtajia wewe. Atakayeisoma barua hiyo Australia atauliza maswali mepesi tu. Mwenyekiti amejuaje? Kwa nini barua imeandikwa baada ya ombi kukataliwa, na kwa nini inataja mwezi uleule ambao maelezo yalikwama? Barua ya namna hiyo hailizibi pengo la 2017 na 2018. Inalimulika, halafu inazaa swali baya zaidi: kama hili limetengenezwa, kipi kingine kimetengenezwa? Nimeona madai ya kweli kabisa yakifa kwa sababu ya karatasi moja iliyoletwa kusaidia.

Kuna la pili. Kumkeketa mtoto wa chini ya miaka 18 ni kosa la jinai nchini kwetu tangu Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya 1998, na kifungo chake ni kati ya miaka 5 na 15. Mwenyekiti analijua hilo. Unapomwomba athibitishe kwa mhuri kwamba mtoto alikeketwa kwenye eneo lake na hakuna aliyefikishwa polisi, unamwomba ajishtaki. Wengi watakwepa. Wengine wataandika kinyume chake, kwamba kijiji chao hakina mila hiyo, na hiyo ndiyo karatasi itakayobaki duniani. Tena ukishatoka ofisini kwake, kabla jua halijazama ukoo wote utakuwa umejua kwamba binti yenu ameisema familia ugenini. Ombi likishindikana akarudi, atarudi kwa watu waliokwisha kukasirika. Ombi la hifadhi hutunzwa kwa siri kule kwa sababu hiyohiyo. Usilitangaze wewe huku.

Sasa swali lako la pili, wanajuaje. Hawajui, mwanangu. Wanapima, na kipimo chenyewe kina taratibu zake.

Watu hudhani ofisa anaamua kama mtu huyu ni mwongo au mkweli. Kazi yake kwa haki ni nyingine: ayachambue maelezo, atoe yale ya msingi ambayo ombi linasimama au linaanguka nayo, kisha aamue kila moja likubalike au la, huku akiutazama ushahidi wote kwa pamoja. Kwa mdogo wako mambo ya msingi si mengi. Je, mama yenu na shangazi wanataka mtoto akeketwe? Wamewahi kufanya hivyo kwa mtoto mwingine wa ukoo? Wanaweza kumfikia akirudi? Mwaka wa tukio uko pembeni. Iwe 2017 au 2018, hatari ya leo ni ileile. Ofisa aliyelikuza jambo la pembeni likafunika la msingi anaweza kupingwa, na wakili wa kule anajua namna ya kumpinga, mradi ninyi huku hamjageuza jambo dogo kuwa uongo mkubwa.

Mwongozo wa 1979 wa UNHCR, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, ambao nchi nyingi huurejea, unakiri kwamba anayekimbia hatari mara chache huwa na hati za kuthibitisha kila neno. Unasema kuutafuta ukweli ni kazi ya pamoja ya mwombaji na anayemhoji, na kwamba mtu akishafanya juhudi ya kweli na maelezo yake kwa ujumla yakaaminika, shaka inayobaki imnufaishe yeye. Australia imeuelekeza mzigo zaidi kwa mwombaji. Tangu 2015 sheria yake ya uhamiaji inasema wazi kwamba ni juu yake kueleza dai lake lote na kuleta ushahidi wa kutosha, na ofisa halazimiki kumjengea hoja. Lakini kiwango chenyewe cha hatari hakijafika kwenye uhakika. Katika kesi ya Chan ya 1989, Mahakama Kuu ya Australia ilikubali kipimo cha uwezekano halisi, na mmoja wa majaji akaeleza kwamba hata uwezekano wa asilimia 10 unaweza kutosha. Miaka miwili kabla, Mahakama ya Juu ya Marekani ilikuwa imetoa mfano kama huo, wa nafasi moja kati ya kumi. Kwa hiyo mdogo wako hadaiwi athibitishe kwamba mtoto atakeketwa. Anadaiwa aonyeshe kwamba hofu yake ina msingi. Nguvu anayoitumia kuupigania Mei 2018 ingefaa itumike hapo.

Nikae kidogo kwenye tarehe, maana ndipo watu wa kweli wanapopotelea.

Miaka niliyofanya kazi na wakimbizi Kigoma nilikaa upande wa pili wa meza, nikiwauliza akina mama kutoka Kongo yaleyale aliyoulizwa mdogo wako. Ukimuuliza mama "lini", anakujibu kwa mimba aliyokuwa nayo, kwa mvua, kwa msiba wa fulani. Na sisi wa huku ni walewale. Mtu wa Chamwino au Bahi atakwambia ilikuwa wakati wa kupalilia, au mwaka ule uwele ulipokauka shambani. Hilo ni jibu kamili. Lakini fomu inataka mwezi na mwaka, basi mkalimani anabanwa, naye anambana mwombaji, na mwombaji anataja mwezi ili asionekane mkaidi. Hakuna anayeandika kwamba alikisia. Akihojiwa tena baada ya miezi kumi na kukisia vingine, faili linasomeka kwamba amejipinga.

Saa nazo zina balaa lake. Mwambie asikilize rekodi ya mahojiano yake kwa makini. Mahojiano ya namna hiyo kule hurekodiwa na ana haki ya kuomba nakala. Mtu wetu akisema saa mbili usiku, na mkalimani akaihamisha namba ilivyo bila kuongeza saa sita, kwa Kiingereza inakuwa usiku wa manane. Mahali pengine mkalimani mwingine anaigeuza sawasawa. Tayari kuna tofauti ya saa sita ambayo mwombaji hakuisema. Vivyo hivyo kwa mama mkubwa aliyeandikwa mama mzazi, na mtoto wa baba mdogo aliyeandikwa kaka. Kosa la mkalimani likionyeshwa kwenye rekodi, dakika na sekunde zake, lina nguvu kuliko barua kumi.

Kumbukumbu yenyewe pia imechunguzwa. Mwaka 2002 ulichapishwa utafiti uliofanyika Uingereza kwa wakimbizi wa Kosovo na Bosnia. Walihojiwa mara mbili kuhusu matukio yaleyale, na hawakuwa na sababu ya kudanganya kwa kuwa walikwisha kuruhusiwa kukaa. Maelezo yao yalitofautiana hata hivyo. Yalitofautiana zaidi kwenye mambo ya pembeni kuliko kwenye kiini, na kwa wale wenye majeraha makubwa ya akili tofauti zilizidi kadiri muda kati ya mahojiano ulivyorefuka. Mtu anayemhukumu mwombaji kwa mwaka mmoja wa kalenda anamdai kitu ambacho binadamu hana.

Basi afanye nini? Aseme kweli ilivyo: kwamba mwaka haukumbuki kwa uhakika, kwamba mara zote mbili alikisia alipobanwa, na kwamba anachokikumbuka ni hiki na hiki. Mtoto alikuwa hajaanza kutembea? Uwele ulikuwa unavunwa? Aliyeleta habari alikuwa nani, na yeye alikuwa wapi alipoipata? Kisha itafutwe nanga iliyo nje ya vichwa vya watu. Shemeji yako, mama wa mtoto yule aliyekeketwa, bila shaka anayo kadi yake ya kliniki, yenye tarehe ya kuzaliwa na tarehe za chanjo. Tuseme kadi inaonyesha mtoto alizaliwa Septemba 2017, na wote mnakumbuka kwamba alikuwa hajatembea na ni wakati wa mavuno ya uwele. Mwaka unajitaja wenyewe, bila mtu kuufundishwa. Na kama kadi itaonyesha 2017, iwe 2017. Msichague.

La kuchelewa kusema kwamba yeye mwenyewe alikeketwa linaniuma zaidi ya yote. Niambie, wewe kaka yake, alishawahi kukueleza? Nadhani hapana. Basi fikiria kulisema mbele ya ofisa asiyemjua, kupitia mkalimani ambaye pengine ni mwanaume wa rika la baba yake, na pengine wa jamii ya Waswahili wa mji uleule ambaye atakutana naye msibani. Aibu ya namna hiyo ni maelezo yanayokubalika, ila lazima yaandikwe, kwa maneno yake, mapema. Baraza linalopitia upya maombi yaliyokataliwa likiona dai jipya limezuka njiani bila sababu ya kuridhisha, sheria inalitaka lilitilie shaka. Aombe mkalimani mwanamke na msikilizaji mwanamke. Na aende kwa daktari wa kike akapimwe, apate ripoti. Mwili wake ni ushahidi usiotegemea tarehe, na unaonyesha jambo la msingi kabisa: kwamba familia hii imekwisha kufanya.

Hukunieleza kama ofisa aliandika pia kwamba hakuonyesha hisia au hakumtazama usoni. Nalisema kwa sababu hutokea sana kwa mabinti zetu. Binti aliyelelewa Ugogoni huinamisha macho mbele ya mkubwa, ndiyo adabu yake. Uchambuzi mkubwa wa 2006 uliokusanya tafiti nyingi ulionyesha kwamba watu wakitegemea kuangalia na kusikiliza tu, hupatia ukweli na uongo kwa wastani wa asilimia 54. Hiyo haijaachana mbali na kubahatisha. Kama hoja ya sura na macho imo kwenye uamuzi, wakili aishike.

Iko hoja nyingine ambayo wewe, uliyeko hapa, unaweza kuisaidia kuliko mtu yeyote wa Melbourne: kama jambo hili linaingia akilini. Ofisa husoma taarifa za nchi. Akikuta kwamba Tanzania nzima, kwa utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015-16, ni asilimia 10 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 waliokeketwa, na kwamba sheria inakataza, ataona hofu ya mdogo wako imevimbishwa. Hajui kwamba utafiti huohuo ulikuta karibu asilimia 47 kwa mkoa wa Dodoma, na Manyara, jirani zetu, juu zaidi. Atashangaa pia mtoto mchanga kukeketwa, kwa kuwa amesoma kwamba ni mila ya kuvusha mabinti kwenda utu uzima. Hapa kwetu tunajua ilivyogeuka. Sheria ilipobana, ngariba waliwageukia watoto wachanga, kwa sababu mtoto mchanga hasemi shuleni. Na ipo lawalawa. Katika Dodoma na Singida mtoto akipata muwasho na maambukizi sehemu za siri, ambayo hospitali huyatibu kwa dawa, wazee husema ni lawalawa na tiba yake ni kukata. Bibi anayeamini hivyo hajioni mkatili, anaona anamponya mjukuu. Mdogo wako asipoyaeleza haya, na taarifa za mkoa zisipoambatishwa, kisa chake kitasomeka kama cha kutunga hali ndicho kinachofanana kabisa na mahali kilipotoka.

Kuchelewa kuomba kuna jibu jepesi kama ni la kweli: alikuwa na viza halali ya masomo, na hofu yenyewe imekuja na binti yake. Kabla mtoto hajazaliwa angeomba nini? Aeleze tu ni lini mama yenu alianza kulisema, na kwa njia gani. Kama ni simu au ujumbe wa WhatsApp, azihifadhi jumbe zote kama zilivyo, hata zile zisizompendeza. Asichague mistari.

Sitaki kukupa matumaini ya bure. Hata akiaminiwa neno kwa neno, bado anaweza kukataliwa. Watamuuliza kwa nini asiende polisi ilhali sheria ipo. Watamuuliza pia kwa nini asiishi Mwanza au Dar es Salaam. Kwa sheria ya Australia, ili awe mkimbizi, uwezekano halisi wa mateso lazima uguse maeneo yote ya nchi anayorudishwa. Hayo hayajibiwi kwa mhuri wa mwenyekiti. Yanajibiwa kwa habari mnazozijua ninyi: nani wa ukoo yuko wapi, nani aliwahi kusafiri kumfuata mtoto, na ilikuwaje kaka yenu au shemeji walipotaka kushtaki, kama walitaka. Nimewahi kumsikia mtu wetu akisema wakimbizi wanaoketi mbele ya maofisa wetu chini ya Sheria ya Wakimbizi ya 1998 wanatunga hadithi. Natamani kila anayesema hivyo aone maswali hayo yakiulizwa kwa dada yake.

Sasa kazi yako. Andika maelezo yako mwenyewe, kwa Kiswahili, ukurasa mmoja au miwili. Sema wewe ni nani kwake. Andika uliyoyaona kwa macho, uliyoyasikia kwa masikio na kutoka kwa nani, na utenganishe hayo mawili. Siku uliyopata habari ya mtoto wa kaka, ulikuwa wapi, nani alikwambia, alisemaje? Mama alisema nini mbele yako kuhusu mtoto wa Melbourne? Usilolijua andika hulijui, na mwaka kama huukumbuki andika hivyohivyo. Shahidi anayekubali mpaka wa anachokijua ndiye anayesadikiwa kwa kilichobaki. Usiulize kwanza mdogo wako aliandika nini, na asikutumie nakala yake ukailinganisha. Maelezo mawili yanayofanana kila neno huonekana yalipikwa jiko moja. Ukimaliza, yaapie mbele ya kamishna wa viapo, uambatishe nakala ya kitambulisho chako cha NIDA na namba yako ya simu, kwa kuwa wanaweza kutaka kukusikiliza.

Najua unaandika habari za mama yako mzazi. Hulazimiki kumtukana. Andika alichosema na alichofanya, na kama unampenda na anawapenda wajukuu zake, andika na hilo, kwa sababu ni kweli na linaeleza kwa nini hataacha. Shemeji naye ndiye shahidi mkubwa kuliko wewe, maana ni yeye aliyerudi kutoka shambani akamkuta mwanawe vile. Lakini yeye anaishi kulekule kijijini. Muulize faraghani, mweleze hatari yake wazi, na akisema hapana, usimrudie.

Mimi ni wakili wa hapa, siwezi kumwakilisha kule. Anahitaji mwanasheria wa Australia au wakala wa uhamiaji aliyesajiliwa, na kama hana fedha, Melbourne ipo Refugee Legal inayosaidia waomba hifadhi bure. Jambo la kumuuliza leo, kabla ya yote, ni tarehe ya barua ya kukataliwa. Kama hayuko kizuizini, ana siku 28 tangu alipoarifiwa kupeleka ombi lake kwenye Baraza la Mapitio ya Kiutawala, lililoanza Oktoba 2024 mahali pa baraza la zamani, na siku hizo zikipita baraza haliwezi kuziongeza. Apeleke ombi kwanza hata kama maelezo yako hayajakamilika; yatafuata. Na ukiyamaliza, yatume moja kwa moja kwa mwanasheria wake, yasipitie mikononi mwa mdogo wako.